Mahali Kisanduku Kiliponyamaza

Gunvor alinipigia simu Jumapili, na kwa kuwa yeye si mtu wa kupiga simu, nilijua kabla hajasema. "Kardemumma amelala na hakuamka," aliniambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. "Alikuwa ndani ya kofia yangu ya manyoya." Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu Rissne, pembezoni mwa Stockholm, na mwiko mkononi, ugali unaanza kushika, na mama akanitazama usoni akauliza, "Ni nani?" Nikasema, "Ni Iliki, mama." Mama akazima jiko. Alivua aproni, akaketi kwenye kiti cha dirishani na kuangalia maegesho ya magari kama mtu aliyeletewa habari ya jamaa. Najua kwamba mtu wa miaka kumi na tisa bado hana haki ya kuandika kumbukumbu za maisha. Maisha yenyewe yako wapi? Lakini mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na mitano umekaa ndani yangu kama chumba ambacho mtu alisahau kuzima taa, na sasa kwa kuwa mmoja wa waliokuwemo amekufa, nataka niingie nitazame kila kitu kabla hakijahamishwa.

Iliki alikuwa kicheche wa kufugwa. Wasiomjua waliona mnyama mwembamba kama soksi, mwenye rangi ya chai iliyozidi maziwa, na harufu ambayo haikutoka kwenye sweta hata ukifua mara ngapi. Gunvor alimwita Kardemumma, na mama ndiye aliyelitafsiri jina lile likawa Iliki, ingawa hapo mwanzo alimwita majina mengine. Kazi ya Iliki ilikuwa kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwafukuza watoke nje, wanase kwenye nyavu zilizotegwa midomoni mwa mashimo. Shingoni alivaa mkanda mwembamba wenye kidude kinachotuma mawimbi, na aliyebaki juu ya ardhi alishika kisanduku kinacholia tik, tik, tik kadiri unavyomkaribia. Bila kisanduku, kicheche akikwama chini ya ardhi humpati tena. Mimi ndiye niliyekuwa mshika kisanduku.

Ili uelewe maana ya jambo hilo, lazima ujue nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto asiyesema. Shuleni mwalimu wa Kiswidi aliniruhusu kutoa hotuba zangu kwake peke yake, katika darasa tupu, mlango ukiwa umefungwa, na hata hapo niliiangalia saa ya ukutani. Nyumbani mama alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiswidi, kwa maneno machache. Wageni wakija sikujibu lugha yoyote. Niliingia chumbani, nikafungua shajara yangu na kuandika waliyokuwa wakisema jikoni, maana ukuta wetu ni mwembamba na wageni wa mama hawajui kunong'ona. Jioni moja nilimsikia Mama Espérance, jirani yetu wa kutoka Bukavu, akiuliza huku anamenya ndizi: "Mama Nafula, usikasirike, mi nauliza tu. Mtoto yako iko bubu?" Kisu kikagota kwenye sinia. Kisha mama akasema, "Si bubu. Anasikia." Nililiandika neno hilo nikalipigia mstari, kisha nikaufuta mstari, kwa sababu sikujua kama nimesifiwa au nimetetewa tu.

Mama alikuwa na kijishamba kwenye bustani za kukodi, kule mteremkoni kuelekea Hallonbergen, ambako Waswidi hupanda maua na viazi vya kula wakati wa sherehe zao za kiangazi. Yeye alipanda sukuma wiki. Akitoka zamu ya usafi kule uwanja wa ndege hakuja nyumbani kwanza. Alipitia shambani na viatu vya kazi, akainama. Masika ya mwaka ule sungura walikula miche yote. Akapanda tena, wakala tena. Akazungushia wavu wa chuma, wakachimba chini yake wakatokea katikati ya tuta kama watu walioshuka kituo chao. "Hawa si sungura," mama alisema akiwa amepiga magoti kwenye udongo, "hawa ni wapangaji." Basi mwenyekiti wa bustani, Mswidi mrefu aliyependa kusema kwa kuinua kidole, akaitisha kikao na kutangaza kwamba wamepata kibali, na mama mmoja mwindaji atakuja msimu ukifunguliwa, na wanyama wake. Akaonyesha picha. Mama akaniinamia sikioni. "Hicho ni kicheche," alisema. "Kicheche! Aliyemaliza kuku wa nyanya yako Kitale kwa usiku mmoja, akaacha vichwa! Ati sasa tumwalike shambani?" Mama Espérance, ambaye tuta lake la lengalenga, mchicha wa kwao, lilipakana na letu, alikuwa na mawazo mengine. "Bon," alisema, "na ile nyama ya sungura itaendaka wapi?"

Gunvor alikuja mara ya kwanza kiangazi, bila wanyama, kukagua mashimo tu. Alikuwa amestaafu udereva wa basi, magoti yake yalilia akiinama, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anayeangalia kioo cha pembeni. Watu walimzunguka wakaanza kusema wote: huyu kabichi yake, yule waridi zake, mwenyekiti na kidole chake. Gunvor alikuwa akijaribu kusikiliza kitu ardhini. Mwishowe aliinua kichwa akanikuta mimi, nimeshika ndoo, mdomo umefungwa. "Wewe," aliniambia, "unaweza kukaa kimya?" Ningecheka kama ningekuwa mtu wa kucheka mbele za watu. Hilo ndilo jambo pekee nililoliweza duniani! Nikatikisa kichwa kukubali. Akanipa kisanduku.

Wiki zile za likizo nilikwenda kwake Hallonbergen karibu kila siku, na nikifumba macho ile nyumba naweza kuitembea hata leo. Sebule ilikuwa na zulia lililotafunwa pembe, kapu la nguo chafu ambamo Iliki alilala mchana kutwa, na dirisha lenye maua ya chunguni ambayo Gunvor aliyanywesha kahawa baridi. Alioka mikate midogo ya mviringo yenye iliki nyingi, tukaila ingali moto, siagi inatiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Kisha alinifukuza sebuleni na kuuficha mkanda: chini ya mto wa kochi, ndani ya buti, nyuma ya vitabu. Mimi niliingia na kisanduku na kutafuta. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha. Unaanza kwa kusikia mbali, kisha unapunguza kidogo kidogo, tik zinakuwa chache, unasogea, zinarudi, mpaka unapata mahali ambapo zinalia hata ukiwa umepunguza karibu mpaka mwisho. Hapo ndipo unapochimba. Gunvor alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama kengele: kisanduku kishikwe wima. "Ukikilaza kinadanganya," alisema. Hatukuzungumza mengine mengi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na mtu mzima saa nzima bila kuulizwa mbona nimenyamaza.

Siku moja alikwenda jikoni kutazama mikate yake, nami nikabaki na mkanda ndani ya soksi ya sufi, umelala ubavu juu ya zulia. Nilipitisha kisanduku juu yake wima, kama alivyonifunza, na jambo la ajabu likatokea. Upande huu tik zilijaa, upande ule zilijaa, lakini juu ya soksi yenyewe, kimya. Kama vile mkanda ulikuwa sehemu mbili na haupo popote. Nikakilaza kisanduku, kinyume cha sheria, na pale pale juu ya soksi kikalipuka kwa tik. Nilijaribu tena na tena. Mkanda ukikaa sawasawa kisanduku kinasikia wima. Ukilala ubavu, ukweli uko kwenye kimya cha katikati, na ni lazima nawe ulaze kisanduku ndipo uusikie. Gunvor aliporudi na sahani sikumwambia. Si kwamba nilificha. Maneno yalipanda mpaka kooni yakaona watu, yaani yeye mmoja, yakarudi. Nilidhani pia ni mchezo tu, kwani Iliki hatembei kwa ubavu.

Vuli uwindaji ulianza. Siku ya kwanza sungura alipotoka na kunasa kwenye wavu na Gunvor akammaliza kwa mkono mmoja, haraka kuliko ninavyoandika sentensi hii, nililia nyuma ya kibanda cha zana. Siku ya pili nilishika mfuko. Sitajifanya kwamba nilikuwa na uchungu mwingi baada ya hapo. Nilikuwa nimeshaona uso wa mama juu ya miche iliyotafunwa. Safari hii sukuma ilisimama. Ilipita Septemba, ikapita Oktoba, majani yakawa mapana kama masikio ya ndovu, na baridi ya kwanza ilipoyapiga yakawa matamu zaidi. Kina mama wa Kiswahili, wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, walikuwa na mkutano wao wa mwaka Jumamosi moja ya Novemba katika ukumbi wa Rissne, na mama aliwatangazia wote kwamba mwaka huu sukuma haitatoka dukani kwenye barafu. Itatoka kwake. Alilisema hilo kwenye simu na kila mtu. Nilimsikia kupitia ukutani akilisema hata kwa mtu aliyekosea namba.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Gunvor alikuja kwa mzunguko mmoja wa mwisho kabla ardhi haijaganda. Mama alikuwa amekuja na mifuko ya kuvunia, Mama Espérance na kisu, mwenyekiti na mwavuli. Iliki alijinyoosha mkononi mwangu, akapiga mwayo, akaingia shimoni kama maji. Sungura wawili walitoka, wakanasa. Kisha hakuna aliyetoka, hata Iliki. Tulisubiri. Kicheche akimpata sungura kwenye kona isiyo na njia anaweza kubaki naye huko, hilo ni la kawaida. Unamtafuta kwa kisanduku, unachimba, unamtoa. Nikakiwasha. Tik zilikuja karibu na kibanda cha zana, nyingi, safi. Gunvor akatia alama kwa kisigino. Lakini nilipoendelea kusogea zikafifia, kisha zikaja tena kwenye njia ya kokoto, nyingi vile vile. "Anatembea," akasema mwenyekiti. "Hatembei," akasema Gunvor, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Theluji maji ilikuwa imeanza kunyesha, na mteremko ule wote ulikuwa unamimina maji kuelekea mashimoni.

Walichimba kibandani. Walichimba mpaka koleo likaingia lote, na hapakuwa na kitu ila mizizi. Wakahamia njiani, mwenyekiti alivua koti akachimba mwenyewe, na hilo sitamnyima. Nako hapakuwa na kitu. Ukingo wa shimo ukaporomoka, maji ya kahawia yakajaa chini. Gunvor alikuwa amepiga magoti yake mabovu kwenye tope, anaita ndani ya ardhi, "Kardemumma! Kardemumma!" kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Pale kibandani zaidi," akasema mwenyekiti. "Hapana, huku," akasema Gunvor. Walibishana, na maji yaliendelea kuteremka.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu tik zilipojitokeza sehemu mbili. Miguu yangu ilienda yenyewe katikati ya yale mashimo mawili, kisanduku wima, na nilipofika kikanyamaza kabisa. Nikakilaza ubavu. Kikalia kama bisi kwenye sufuria lililofunikwa. Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta la mama, viatu viwili kati ya sukuma, na kila jani lile lilikuwa limekwisha ahidiwa. Nakumbuka maneno yakipanda kooni kama siku ya soksi. Nakumbuka yakiona watu: mwenyekiti na kidole chake, Gunvor, Mama Espérance, Waswidi watatu wanne walioacha kufunika waridi zao ili watazame. Yakageuka kurudi. Ndipo nikamsikia Gunvor akiita tena ardhini, na sijui nani aliniazima sauti.

"Mama!" Nilipiga kelele, na ilikuwa kwa Kiswahili. "Mama, ng'oa sukuma! Yuko hapa! Yuko chini ya sukuma, amelala ubavu!"

Bustani nzima ilisimama. Mwenyekiti akauliza kwa Kiswidi, "Anasema nini?" Mama alikuwa ananitazama mimi, si tuta. "Umesema?" akauliza.

"Nimesema yuko hapa. Huko wanakochimba hayuko, kisanduku kinasikia pembeni tu. Mama, maji yanaingia!"

"Jamani, sukuma ya fête!" Mama Espérance akashika kichwa. "Tutakulaka nini leo? Ugali na mavi ya huyu kicheche?"

Mwenyekiti alianza kueleza kwamba kwa vifaa hivi unachimba panapolia, si pasipolia. Mama akamgeukia akiwa na mifuko yake mitupu mkononi, na kwa Kiswidi chake cha uwanja wa ndege, kilichonyooka kama mstari wa foleni, akamwambia: "Binti yangu anasema tunachimba hapa. Kwa hiyo tunachimba hapa." Kisha akainama, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, lile kubwa kuliko yote ambalo alikuwa analipiga picha kila wiki kumtumia dada yake, akaling'oa. Akang'oa la pili. "Espérance, usisimame kama mlingoti! Chukua upande huo!" Waling'oa tuta zima huku Mama Espérance akilia na kucheka, akiwarushia Waswidi mashina washike.

Gunvor alinitazama mara moja tu. Akanipa koleo. Nilichimba mpaka kwenye goti, kisha kwa mikono, kifua kwenye tope, mama amenishika miguu nisitumbukie. Vidole vyangu viligusa manyoya: mgongo wa sungura mkubwa, amekufa, ameziba njia. Nikamvuta. Nyuma yake, kwenye nafasi isiyozidi kikombe, udongo umemwangukia nusu ya mwili na kumbana ubavu, palikuwa na soksi ya rangi ya chai. Haikutikisika. Nilisema kitu, sikumbuki kwa lugha gani. Nikaukwangua udongo shingoni, nikapata mkanda, nikapata kifua, na chini ya kidole changu kitu kilikuwa kinadunda haraka haraka. Iliki akafungua jicho moja, akapiga mwayo, akaning'ata kidole gumba mpaka mfupa.

Nilitoka shimoni nikimwinua juu, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko, nikicheka kwa sauti mbele ya watu wote. Gunvor alimtia Iliki ndani ya koti lake, akaniuliza, umejifunzaje huu uchawi wa kulaza kisanduku, maana mimi sikukufunza. Nikamweleza. Yote, soksi na zulia na kimya cha katikati, kwa sentensi ndefu, na mwenyekiti akasogea na mwavuli wake akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua kidole.

Mchana ule kwenye ukumbi wa Rissne palikuwa na sukuma ambayo haijawahi kuonekana Stockholm, kwa sababu shamba zima lililong'olewa lilipaswa kukatwakatwa siku hiyo hiyo. Wanawake walikata mpaka wakapokezana visu. Mama Espérance alipika sungura kwa nyanya na pilipili, akimwambia kila mtu kwamba kwao wanafugaka dende jikoni, vinyama vidogo kuliko hawa, na nani amewahi kufa? Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipanga vikombe, bendeji kidoleni, na kama kawaida yangu nilisikia kila kitu. "Yule bubu yako," Mama Espérance alikuwa anasema, "leo alinipasua masikio. Mi nilifikiri ni gari la polisi." Wote wakaangua kicheko. Nikamngoja mama. "Bubu ni nani?" mama akasema. "Mtoto wangu alikuwa anasikiliza kwanza." Akaita, "Nafula! Kuja uwaambie mwenyewe." Nikaenda. Nikawaambia, kwa Kiswahili changu kilichojaa Kiswidi, na pale niliposimama kutafuta neno, mzee mmoja wa kike kutoka Burundi alinitupia lake, nikalidaka nikaendelea.

Tulimzika Iliki Jumatano iliyopita. Niliogopa kumwambia mama mahali alipopataka Gunvor, lakini mama alikuwa amefika kabla yetu na koleo, ameshachimba katikati ya tuta la sukuma. Mwanamke yule yule wa kuku wa Kitale. Gunvor alimvua mkanda, akaupangusa kwa suruali yake, akanipa. Magoti yake hayamruhusu tena. Mimi nilifanya mtihani wa uwindaji nilipofikisha umri, na tangu mwaka jana kibali cha bustani kiko kwangu, pamoja na kicheche kijana mwenye papara ambaye mama amemwita Mdalasini kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

Jumamosi tulitoka naye kwa mara ya kwanza na mkanda ule. Watu walikuwa wengi, maana hali ilikuwa nzuri: mwenyekiti, kina mama na watoto wao, Mama Espérance na sufuria lake la matumaini. Wote walikuwa wanasema kwa pamoja, huyu kabichi, yule waridi, huyu mchuzi. Mdalasini akaingia shimoni. Nikakiwasha kisanduku, nikainua mkono.

"Nyamazeni," nikasema.

Wakanyamaza wote.